Jina Lililokuwa Kwenye Chuma

Baba yangu aligombana na watu wakubwa wa dunia kwa penseli. Maneno yao aliyanakili kwa wino, polepole, katika kaunta buku aliyoinunua ng'ambo ya mpaka, na chini ya kila neno aliandika jina la aliyelisema. Baada ya siku mbili tatu za kulifikiria, aliongeza maoni yake pembeni kwa penseli. "Kweli." "Kweli, ila si kwa mtu mwenye njaa." "Hapa simwelewi, nitarudi." Kazi yake ilikuwa kupakua magunia kwenye malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia, na nadhani hakuna hata mmoja wa wale wenye hekima aliyewahi kujua kwamba kuna kuli Tunduma anayemsahihisha.

Maneno aliyapata redioni asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, na mengine katika magazeti ya zamani na mahubiri. Jumapili tukitoka kanisani, chakula kikiwa tayari mezani, alifungua kaunta buku na kusoma neno moja. Kila mtoto alitakiwa aseme lolote kuhusu neno hilo ndipo apewe sahani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akisema, "Nakubaliana naye," haraka haraka, macho yakiwa kwenye nyama. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa hajafika hata umri wa kwenda shule, lakini alikuwa akiuliza maswali mpaka mchuzi unapoa. "Huyo mtu anaishi wapi? Ana watoto? Alikuwa anaongea na nani?"

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mama alimfuata mwaka uliofuata, nikiwa la sita. Nilikuwa nimeshaacha kwenda shule miezi kadhaa kabla, kwa sababu mtu alitakiwa amgeuze kitandani.

Matanga yalipokwisha, ndugu wakakaa kugawana vitu, kama ilivyo desturi. Baba mdogo, aliyekuwa akilima mpunga Kamsamba, alipewa redio. Aliitaka pia kaunta buku kwa sababu ilikuwa bado na kurasa nyingi nyeupe, nikaikalia. Siyo kwa mfano. Niliiweka chini yangu nikakaa juu yake mpaka kikao kikaisha. Kisha akasema atamchukua na yule mdogo wa mwisho, akakae kwake.

"Haendi," nikasema.

"Wewe ni nani wa kusema haendi?"

"Anaanza shule Januari."

Wazee wakaanza kunong'onezana. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na kwake chakula kilikuwepo zaidi kuliko kwetu. Ila nilijua binti zake wote walikuwa wameolewa kabla hawajamaliza kukua. Akanitazama kwa muda, akaona sitoki pale nilipokaa.

"Sawa," akasema mbele ya wote. "Asome. Lakini siku huyu mtoto atakapoacha shule, kwa sababu yoyote ile, nitakuja kumchukua. Sitauliza mtu."

Wazee wakakubali. Tangu siku hiyo sikuwahi kulala vizuri. Mtoto akikohoa, nilikuwa nikihesabu siku za masomo atakazokosa. Akichelewa kurudi, nilikuwa nimeshafika nusu ya njia kumfuata.

Kazi niliipata kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Malori yalikuwa yakileta mpunga kutoka bondeni, mashine ikaukoboa, na sisi wanawake tukakaa kwenye turubai nyuma ya banda na ungo zetu, tukipepeta mchele wa wateja. Chenga zilizobaki chini zilikuwa zetu, na hiyo ndiyo ilikuwa mishahara yetu. Wanunuzi wa Zambia walikuja na salamu yao ya mulishani, wakachota mchele kiganjani, wakaupuliza, wakanuna ili bei ishuke. Nilifaa kwa kazi ile kwa sababu siwezi kukaa na mikono mitupu. Wenzangu walipopumzika kunywa chai, mimi niliendelea kurusha.

Jumapili niliendelea na desturi ya baba. Nilisoma neno moja, wadogo zangu wakasema lao, tukala. Lakini redio ilikuwa imekwenda Kamsamba, na magazeti hayakuletwa na mtu tena. Tulizunguka kaunta buku yote mara ya kwanza, tukazunguka mara ya pili. Mara ya tatu, mdogo wangu wa kiume akaweka kijiko chini.

"Dada, hilo tumeshalisikia. Hata maoni ya baba ya penseli tunayajua. Anasema, 'Hapa amechemka.'"

Jumapili iliyofuata nikaja na langu. Nilikuwa nimelitunga wiki nzima nikipepeta, nikalisema kwa sauti ile ile ya kusoma: "Mkubwa si yule anayejua njia. Mkubwa ni yule anayekataa kukaa chini."

Mdogo wangu wa kiume akaniangalia.

"Hilo ni la nani?"

"Langu."

Akacheka. Hakukusudia ubaya, alikuwa na miaka kumi na miwili na njaa. "Lako? Wewe si umeishia la sita? Hata mimi nimekupita darasa."

Nilicheka naye, nikawapakulia. Lakini wiki ile nzima mikono yangu ilikuwa mizito kwenye ungo. Sikuwa na baba, sikuwa na mama, wala cheti. Kama maneno yangu hayana uzito kwenye meza yetu wenyewe, nitawashikiliaje hawa watoto? Nikainua macho nikaiona mashine. Ilikuwa chuma kikubwa cha kigeni kilichopakwa rangi ya kijani, na katikati yake kulikuwa na jina la kiwanda kilichoitengeneza, herufi zimetokeza kama mishipa. Lilikuwa jina la mtu wa mbali, gumu kulitamka, lenye heshima zake. Silitaji hapa, kiwanda hakina kosa lolote.

Jumapili ile nikasoma neno jipya, na mwishoni nikataja jina lile. Nikaongeza kwamba alikuwa mwanafalsafa wa nchi za baridi, aliishi zamani.

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu wa kiume akakunja uso akifikiri, kisha akasema, "Huyu ni mkali." Yule wa mwisho akauliza kama alikuwa na watoto. Nikasema alikuwa na wadogo zake aliowalea.

Basi ikawa hivyo kwa karibu miaka saba. Mwanafalsafa wangu alikuwa na jambo la kusema juu ya kila kitu kilichotupata. Mdogo wangu wa kiume alipoanza kubeba mizigo mpakani baada ya kumaliza la saba, akaja nyumbani siku moja na saa ambayo hakuweza kueleza ameipata wapi, mwanafalsafa alisema juu ya mikono ya mtu na vitu visivyo vyake. Saa ikarudi ilikotoka. Mdogo wangu wa kike alipokataa kwenda shule kwa sababu sketi yake imeliwa na moto wa pasi, mwanafalsafa aliwahi kuvaa kiraka. Yote niliyaandika kwa wino, jina likiwa chini yake. Pembeni niliacha nafasi ya penseli, lakini hakuna aliyeandika.

Nadhani yule wa kiume aligundua mapema. Jumapili moja nilisoma: "Mchele hausafishwi kwa macho. Sharti urushwe juu, ndipo upepo uone kilicho chepesi." Akainamia sahani yake, mabega yakimtikisika.

"Huyu mtu wako," akasema, "anapenda sana mchele."

"Kula," nikamwambia.

Yule wa kike alikuwa ameshaliandika kwenye daftari lake la shule.

Alifaulu kwenda sekondari, na shule aliyopangiwa ilikuwa ya bweni, huko juu kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, ambako wanafunzi walivaa sweta mpaka saa sita mchana. Nilimpeleka mwenyewe na sanduku lake la bati mpaka getini, nikarudi. Sikuingia ndani. Nilijiambia basi litaniacha, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa madarasa. Kila nikipita dirisha la darasa nikasikia chaki, nilikuwa nikiongeza mwendo.

Alikuwa kidato cha pili aliporudi katikati ya muhula.

Nilimwona kutoka kwenye turubai. Alikuja moja kwa moja kwenye banda la mashine akiwa na sare, sanduku hana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia. Alinipita, akaenda mpaka kwenye mashine, akasimama mbele ya chuma kile akisoma. Mashine ilikuwa ikinguruma, pumba zinamwangukia kichwani. Akasoma kwa muda mrefu, kana kwamba jina lilikuwa na kurasa nyingi.

Nilijua kabla hajageuka.

Tulipofika nyumbani akanieleza, akiwa amesimama, hataki kukaa. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewaambia waandike insha juu ya mtu ambaye maneno yake yanawaongoza. Insha iliyo bora ingepelekwa kushindanishwa na za shule nyingine. Yake ikawa ya kwanza. Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya shule nzima na walimu wote, pamoja na lile neno la mchele. Mwalimu wa hesabu, ambaye alikulia kwenye banda la kukobolea, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Akauliza, hao watu wa nchi za theluji, ungo waliujulia wapi? Kisha akasema jina hilo analifahamu tangu utotoni, na kwao lilikuwa likiwekwa grisi kila Jumatatu.

"Shule nzima, dada. Shule nzima ilicheka. Sasa naitwa Mashine. Nikienda bombani, wananguruma." Akanguruma kidogo kunionyesha, akaanza kulia. "Nilikuwa nikishindwa kulala kule bwenini, nayasema maneno yake. Nilimwombea huyo mtu. Unajua? Nilikuwa namwombea, nikidhani amekufa."

"Maneno yenyewe ni ya kweli," nikasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema mara moja. Hamkunisikiliza."

Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka uso. Kisha akasema harudi shule. Alisema kwa utulivu, na hapo ndipo nilipoogopa. Kulia kwake nilikuwa nakuweza.

Siku tatu nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikwenda kazini nikarudi kabla ya muda, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilitunga maneno ya kumwambia, lakini kila neno lilipofika mdomoni nilisikia jinsi litakavyomfikia: jambo jingine kutoka kwa mwongo. Siku ya nne mdogo wangu wa kiume alirudi kutoka mpakani na habari kwamba dereva mmoja wa lori la mpunga amesema Kamsamba kwamba mtoto ameacha shule. Baba mdogo ameshajua. Atapanda na lori la Ijumaa.

Ilikuwa Jumatano.

"Mwambie ukweli," mdogo wangu wa kiume akasema.

"Nimeshamwambia."

"Siyo yeye. Hao waliocheka. Hao ndio wanaomkataza kurudi." Akavua kandambili akazikung'uta. "Mimi nilijua tangu lile la saa, lakini niliirudisha. Unadhani niliirudisha kwa sababu ya mzungu?"

Niliingia ndani. Mdogo wangu wa kike alikuwa amelala anaangalia ukuta. Nikamwambia kesho tunakwenda shuleni wote wawili, na mimi ndiye nitakayeongea. Akasema bila kugeuka, "Wewe huwezi hata kuvuka geti." Kumbe siku ile ya kwanza alikuwa ameniona.

Asubuhi nilivaa kitenge cha kanisani, nikaifunga kaunta buku ndani ya khanga. Ndani ya basi alikaa akinipa mgongo. Tulipoanza kupanda kuelekea kwenye baridi niliibana kaunta buku kifuani, nikasingizia hali ya hewa. Nilirudiarudia moyoni neno moja lililokuwa ukurasa wa mwisho: "Aliyeamka na hofu, bado ameamka." Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu, bila jina chini yake. Sikukumbuka kama nililitunga au kama nilimsikia baba akilisema siku zile za mwisho, sauti yake ilipokuwa imekwisha. Mpaka leo sijui.

Geti lilikuwa wazi. Nililivuka haraka, kama mtu anayekanyaga maji ya baridi.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Nilipomweleza, aliniuliza kama nina hakika ninataka kusimama mbele ya darasa. Nikamwambia sitaki kabisa, na ndiyo maana anipeleke sasa hivi. Akatupeleka. Mdogo wangu akakaa kwenye dawati lake, kichwa chini. Pembeni pakasikika mngurumo mdogo, kisha vicheko vilivyobanwa.

Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka ubao ulikuwa na michoro ya mche wa mahindi, na mimi nikajishika kwenye meza ya mwalimu. Nikawaambia kwamba mimi ni dada wa huyu. Kwamba niliacha shule nikiwa la sita. Kwamba napepeta mchele Tunduma, na mwanafalsafa wanayemcheka hakuwahi kuwepo. Maneno ni yangu, jina nililichukua kwenye mashine, na mdogo wangu hakujua lolote. Kama kuna mtu wa kucheka, acheke mimi nikiwa hapa.

Nyuma kabisa, mvulana mrefu akasema, "Kwa hiyo mashine ni wewe?"

Darasa likalipuka. Mwalimu akainua mkono kuwanyamazisha, lakini nilikuwa nimeshajibu.

"Ndiyo, mimi ndiyo mashine. Saa moja asubuhi nimeshawaka, na sijawahi kuomba dizeli."

Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka. Nilikihisi kama mchele unavyogeuka ndani ya ungo. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Mbona hukuweka jina lako?"

Nikamwambia, "Ungekuwa wewe, ungemsikiliza wa darasa la sita?"

Alifikiri. Alikuwa mkweli. "Hapana," akasema.

"Basi."

Hapo ndipo mdogo wangu alipoinua kichwa. Hakutabasamu. Alinitazama tu, na sikujua kama ananisamehe au ananipima.

Nilitoka, naye akanifuata mpaka getini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi ya kumwambia: kwamba kesho baba mdogo anakuja, kwamba wazee walikubali, kwamba sitaweza kuzuia. Sikusema hata moja. Alikuwa anayajua yote.

"Nipe kaunta buku," akasema.

Nikampa. Akakaa juu ya jiwe, akatoa kalamu, akaanza kupekua. Kila alipolikuta lile jina akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, ukurasa baada ya ukurasa, miaka saba yote. Nilisimama nikimwangalia, kila mstari ukinichoma. Pale palipokuwa na jina hakuandika chochote. Alipomaliza, aliifunga na kuikumbatia kifuani.

"Nabaki nayo," akasema. "Nenda. Basi litakuacha."

Kisha akageuka, akarudi ndani kwa hatua za mtu anayewahi kipindi.

Ijumaa baba mdogo alikuja. Nikamwambia mtoto yupo shuleni. Hakuniamini mpaka alipotazama chini ya kitanda. Alikunywa chai, akala, akalala, akarudi kwake na lori.

Mdogo wangu sasa ni mwalimu. Anafundisha mbali, upande wa Saza, watoto wa wachimba dhahabu ambao nao wanaacha shule kila mvua inapoonyesha mawe mapya. Huwasomea neno moja kila Jumatatu kutoka kwenye kaunta buku, na wanapouliza ni la nani, husema, "La dada yangu, anayepepeta mchele Tunduma." Aliponiambia hivyo sikulala kwa raha. Nilipokuwa nimejificha nyuma ya chuma nilisema nilivyotaka, chuma hakiulizwi. Sasa nafungua mdomo, naufunga.

Kila Jumapili hunipigia simu baada ya ibada. Anauliza, "Dada, leo unasemaje?" Kwa hiyo tangu alfajiri ya Jumapili nazunguka uwanjani, nafagia, nahamisha ndoo kutoka hapa kwenda pale, natafuta. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ana familia yake nyumba ya pili, huniona na kupiga kelele dirishani, "Mashine haijawaka bado?"

Jumapili iliyopita simu ililia nikiwa sina kitu. Nilikuwa nimezunguka asubuhi nzima bure. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba leo nimetafuta nikakosa, na kwamba naogopa huenda yamekwisha.

Upande wa pili nikasikia kurasa zikifunuliwa.

"Rudia polepole," akasema. "Nachukua penseli."